Mwaka Tulioomba Nafasi ya Kumi na Sita

Mlango wa nyumba ya wageni ya babu yangu una namba 16, ingawa mtaa wetu una nyumba tisa tu. Mleta barua mgeni akija, hutembea mpaka mwisho wa mtaa, hutazama bahari, kisha hurudi kuuliza. Wenyeji hawaulizi. Hapa Aislandi, ukimtajia mtu yeyote nafasi ya kumi na sita, atacheka kidogo na kutikisa kichwa, kama aliyekumbushwa mchumba wa zamani.

Mwaka 1986 nchi yetu ilipeleka wimbo kwenye Eurovision, mashindano ya nyimbo ya Ulaya, kwa mara ya kwanza. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nimesimuliwa habari zake mara nyingi hata naona kama nilikuwepo. Hakuna aliyefikiri tungeshindwa. Jambo lililowakosesha watu usingizi lilikuwa jingine kabisa: mwaka utakaofuata, tukiwa ndio wenyeji wa mashindano, kwa kuwa mshindi ndiye huyaandaa, wageni wote hao wa Ulaya tungewalaza wapi? Babu yangu, Ingimar, alikuwa mvuvi mwenye ghala kubwa la samaki, na swali hilo alilichukua kama ameulizwa yeye. Akatoa nyavu nje, akatoboa madirisha, akagawa vyumba kwa mbao, akanunua vitanda. Kutoka Reykjavik, mji mkuu, hadi kijijini kwetu ni mwendo wa siku nzima kwa gari, na katikati kuna milima. Hilo halikumsumbua.

"Wakijaa kule," alisema, "watamwagikia huku."

Tukawa wa kumi na sita. Mwaka uliofuata, wa kumi na sita. Na uliofuata tena, wa kumi na sita. Baada ya mara ya tatu Babu alichukua rangi nyekundu, akaiandika namba hiyo mlangoni, akawafungulia watazama ndege na waendesha baiskeli. Mwaka wa nne hatukupata hata pointi moja, na Babu alikuwa ameshakoroga rangi tena pale bibi yangu, Hallbera, alipomnyang'anya brashi.

Tangu hapo tumewahi kuwa wa pili mara mbili na wa nne pia, na tumewahi kutolewa katika nusu fainali miaka kadhaa mfululizo. Kushinda, hatujashinda. Lakini kila Jumamosi ya fainali, mwezi wa Mei, barabara za nchi nzima huwa tupu, na kwetu watu hukusanyika chumba cha wageni wakiwa na mguu wa kondoo, viazi vya kukaanga na bakuli la mchuzi wa vitunguu. Kabla ya wimbo wa kwanza kila mtu hutaja tutakuwa wa ngapi. Namba iliyokwisha kutajwa hairudiwi. Aliyekosea kuliko wote huosha vyombo. Aliyepatia kamili huomba kitu kimoja, na hakataliwi. Babu kila mwaka husema kumi na sita. Bibi kila mwaka husema wa kwanza, na ndiyo maana karibu kila mwaka huosha vyombo. Mimi husema kumi, kwa sababu iko katikati na haimuudhi mtu.

Mwaka mmoja kabla ya haya ninayosimulia nilikuwa nimemaliza chuo Reykjavik, nikarudi kijijini. "Ni kiangazi tu," nilimwambia kila aliyeniuliza. Kiangazi kikaisha, baridi ikaja na theluji yake, nami bado nilikuwa naamka kabla ya Bibi kuwasha tanuri la mkate. Nilijua chumba kipi hupata jua la asubuhi na mgeni yupi hapendi kusemeshwa kabla ya kahawa. Hao wa mwisho niliwaelewa sana. Nilichokitaka maishani kilikuwa pale pale, chini ya paa lile la bati, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Kila nilipojaribu, maneno yalifika kooni yakapiga kambi.

Kisha ikaja Pasaka, na Mjomba Steindór akaja na habari zake.

Mjomba ni fundi wa mabomba, anaishi mji wa upande wa pili wa mlima. Baridi nzima yeye ndiye anayeuvuka mlima huo kuja kuyayeyusha mabomba yetu yakiganda. Alisubiri mpaka kila mtu alipokuwa na nyama sahanini.

"Kuna mtu wa Reykjavik anaitaka hii nyumba," alisema. "Anataka mahali pa kupumzikia."

"Apumzike kwao," alisema Bibi.

"Mama, una miaka sabini na minane na bado unapanda ngazi na mzigo wa mashuka kama mpagazi. Na Baba, magoti yake yanalia kuliko bawaba za mlango."

"Magoti yangu hayajakuomba msaada," alisema Babu.

"Hayana namba yangu ya simu!"

"Nyumba haiuzwi," alisema Bibi. "Nikifa mtauza."

"Ndivyo ulivyosema kuhusu mashua."

"Na mashua mkaiuza nikiwa hai. Hamna hata haya."

Wakaendelea hivyo mpaka viazi vikapoa. Mimi nilikuwa nimekaa kati yao, napitisha chumvi. Mwishowe Babu aliweka uma chini.

"Basi! Nyumba hii ililetwa na mashindano, acha mashindano yaamue. Mwaka huu tukiwa wa kumi na sita, tunabaki nayo. Tukiwa nafasi nyingine yoyote, tunauza. Na sitaki kusikia neno jingine mpaka Mei."

"Na tukishinda?" aliuliza Bibi.

"Tukishinda, tunauza tukiwa mabingwa."

Wakapeana mikono juu ya sahani, Babu na Mjomba, na kwa familia yetu mkono ukishapeanwa mambo yamekwisha.

Habari ilifika kwenye bwawa la maji moto kabla ya jioni. Kule ndiko kijiji chetu hukaa, maji shingoni na theluji kichwani, kuamua mambo ya dunia. Tangu siku hiyo kila nilipoingia majini watu waliacha kuzungumza wakanitazama kwa huruma. "Kumi na sita, eh?" mzee mmoja alininong'oneza. "Tunaomba, mwanangu. Tunaomba." Nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu 1986 kijiji kizima kuomba nchi yetu isishinde.

Tatizo ni kwamba wimbo wa mwaka huo ulikuwa mzuri. Aliuimba msichana mmoja aliyepanda jukwaani na koti la mpira la manjano la baba yake mvuvi, na kiitikio chake kilikuwa cha aina ile inayokufuata mpaka bafuni. Jumanne ya nusu fainali tulipita. Tulishangilia, kisha tukaanza kuwa na wasiwasi.

Tena kulikuwa na mama yangu. Mama, Sólrún, ni muuguzi huko Aalborg, Denmark. Kura huwezi kuipigia nchi yako ukiwa nyumbani, kwa hiyo kila mwaka Bibi humpigia simu kumwamuru yeye na wenzake wote wa hospitali watupigie. Safari hii nilimpigia mimi.

"Mama, mwaka huu msitupigie kura nyingi."

"Nyingi ndiyo ngapi?"

"Yaani... za wastani."

"Eydís mwanangu, kura haina wastani. Unapiga au hupigi."

"Basi usipige."

"Nyumba unaipenda hivyo?"

"Bibi anaipenda," nilisema.

"Mm," alisema mama yangu.

Jumamosi upepo ulikuwa mkali, kama kawaida, na Mjomba Steindór alichoma nyama nje akiwa amevaa koti la baridi na glavu, akilikinga jiko kwa mgongo wake. Mgeni tuliyekuwa naye wiki hiyo alikuwa mmoja tu: Tuulikki, mama wa Kifini mwenye nywele fupi za mvi, ambaye kila Mei huja kuwatazama ndege na amejifunza lugha yetu kwa kumsikiliza Bibi akimgombeza Babu. Tulimpa kiti kizuri na sahani ya kwanza.

"Haya, semeni," alisema Babu, saa moja ilipokaribia.

"Wa kwanza," alisema Bibi, lakini bila kelele zake za kila mwaka, akitazama sakafu.

"Wa ishirini na tano," alisema Mjomba.

"Una roho mbaya wewe."

"Nina mabomba, Mama. Roho nimeiacha humo."

"Kumi na sita," alisema Babu, na hakuna aliyecheka.

Ikafika zamu yangu. Nilitaka kumi na sita mimi pia, kwa moyo wangu wote, lakini ilikuwa imeshatajwa. Nikaona nikae karibu nayo, kama mtu anavyokaa karibu na kitanda cha mgonjwa.

"Kumi na tano," nilisema.

Babu aligeuka. "Si kumi?"

"Leo, kumi na tano."

Akaongeza sauti ya televisheni.

Msichana wetu alipoingia na koti lake la manjano tuliahidiana kutulia. Kiitikio cha kwanza tulikaa kimya. Kiitikio cha pili Bibi alikuwa anapiga goti kwa kiganja. Kiitikio cha tatu Mjomba Steindór, yule yule wa ishirini na tano, alikuwa amesimama na kijiko cha mchuzi mkononi anaimba kwa sauti ambayo mabomba peke yake ndiyo huisikia. Wimbo ulipoisha tulikaa chini tukiona aibu.

"Ameimba vizuri mno," alisema Babu kwa masikitiko.

"Atatuua," alisema Mjomba.

Tuulikki alitutazama mmoja mmoja. Tukamweleza. Alisikiliza akitafuna, kisha akasema, "Sisi tulingoja zaidi ya miaka arobaini kushinda. Lakini hatukuwahi kuweka rehani nyumba."

Kura za majaji zikaanza, nchi moja baada ya nyingine. Zilipokwisha tulikuwa wa ishirini.

"Safi!" Babu alipiga meza. "Nafasi nne tu. Watazamaji watupandishe nne, basi, wasizidishe."

Wakaanza kusoma kura za watazamaji, kuanzia kwa waliokuwa mkiani. Ilipofika kwetu, mtangazaji alishika sikio, akatabasamu, akasoma pointi nyingi sana. Jina la Aislandi likaruka kwenye ubao mpaka nafasi ya tano.

Bibi alipiga yowe la furaha lililomwamsha paka, kisha akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Tulia, tulia," alisema Mjomba, ambaye mwenyewe alikuwa amekumbatia mto wa kochi. "Wengine hawajasomwa. Tutashuka."

Tukaanza kushuka kweli. Karibu kila nchi iliyosomwa ilitupita. Wa saba. Wa tisa. Wa kumi na mbili. Babu alikuwa amesimama mbele ya televisheni, viganja vikielekea chini, anaashiria kama anayeiongoza mashua ikaribie gati.

"Polepole... polepole... njoo, njoo..."

Wa kumi na nne. Wa kumi na tano.

"Bado mmoja!" alisema Mjomba. Mjomba! Nilimwona akisema, na nadhani yeye mwenyewe hakujisikia.

Tuulikki aliinua kidole. Alikuwa ameufuatilia ubao kwa makini, kama anavyowafuatilia ndege. "Chini yenu imebaki nchi moja tu ambayo haijasomwa," alisema. "Wengine wote wako juu yenu tayari. Ni Ufini."

Sote tukamgeukia.

"Ufini ikiwapita, nyinyi ni wa kumi na sita," alisema.

"Ufini!" alipaza sauti Babu.

"Ufini! Ufini!" Mjomba akaanza kupiga meza, Babu akapokea, hata mimi ambaye huwa sipigi kelele nilijikuta nimemshika Tuulikki bega na kumtikisa. Yeye alikuwa mwekundu usoni, machozi yakimlengalenga. "Miaka yote ninayokuja hapa," alisema, "hamjawahi kuipenda nchi yangu namna hii."

Bibi peke yake hakushangilia. Alikuwa ametulia pembeni, anakunja na kukunjua leso yake.

Mtangazaji alisoma. Jina la Ufini likapanda, likapanda, likasimama chini yetu. Tofauti ya pointi moja tu.

"Samahani," alisema Tuulikki. "Kumi na sita ni sisi."

Kwenye televisheni watu waliendelea kupiga makofi. Hatukujua hata ni nani aliyeshinda.

"Ni mimi," alisema Bibi.

"Ni wewe nini?" aliuliza Babu.

"Nilimpigia Sólrún jana. Nikamwambia apige kura, na wauguzi wenzake, na yule jirani yake mwenye mbwa wawili."

"Hallbera!"

"Sasa ningefanya nini?" Bibi alisimama, mikono kiunoni. "Nimewaamuru watu watupigie kura tangu binti yangu ahamie kule! Leo nimpigie simu nimwambie mtoto wa watu aliyevaa koti la baba yake aachwe aanguke, kisa mabati yangu? Nyumba naipenda. Lakini siwezi, Ingimar. Nilijaribu, siwezi!"

Babu alimtazama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nikaogopa, mpaka nilipoona anacheka. Mjomba naye akacheka, akajifuta macho na ule mto.

Kicheko kilipoisha ilibaki ile kazi ya mkono uliopeanwa. Mjomba alikohoa.

"Basi," alisema, kwa upole kuliko nilivyotegemea. "Tunauza."

"Tunauza," alisema Babu. "Neno ni neno." Akajikalisha taratibu, magoti yakalia. Kisha akakumbuka, akanigeukia. "Eydís amepatia. Kumi na tano kamili. Tangu mimi mwaka wa themanini na nane hakuna aliyepatia kamili nyumba hii. Haya, mjukuu wangu, omba unachotaka. Ile chokoleti ya mwisho?"

Maneno yalikuja mpaka kooni, yakataka kupiga kambi kama kawaida. Nikayasukuma.

"Niuzieni mimi," nilisema.

Hakuna aliyesikia. Televisheni ilikuwa inapiga kelele za ushindi wa watu wengine. Mjomba alikuwa ameshaanza kukusanya sahani. Kwa kweli ningenyamaza, ningekula ile chokoleti na kunyamaza mpaka leo, kama Tuulikki asingechukua rimoti na kuzima televisheni.

"Amesema kitu," alisema Tuulikki.

Wote wakanitazama.

"Nimesema mniuzie mimi. Nyumba. Mmeahidi kuuza, hamkuahidi kumuuzia yule mtu wa Reykjavik. Nitalipa kidogo kidogo, kwa wageni watakaokuja. Mashuka nitapanda nayo mimi. Bibi ataoka mkate kama anataka, asipotaka nitaoka mimi, ingawa wangu ni mgumu." Sikujua kwamba nilikuwa na maneno mengi hivyo. "Sikurudi kwa sababu ya kiangazi. Nilirudi kukaa."

Mjomba Steindór aliziweka sahani mezani tena. "Wewe mtoto! Kwa nini hukusema Pasaka?"

"Mlikuwa mnazungumza."

"Sisi tunazungumza siku zote!"

"Ndiyo, Mjomba."

Bibi aliangua kicheko, akanivuta kifuani pake, na nikasikia harufu ya vitunguu na sabuni ya mashuka. "Baridi nzima namngoja," alimwambia Tuulikki juu ya kichwa changu. "Namwona anavyoipigapiga ile mito ya wageni kama watoto wachanga. Nikasema, atasema lini huyu?"

"Na wewe kwa nini hukuniuliza?" nilisema nikiwa bado kifuani pake.

"Ungesema kiangazi."

Mjomba alikuwa anatazama dari, midomo inacheza. Nilijua anayahesabu mabomba. "Sikutaka kuuza kwa kupenda," alisema. "Nilichotaka ni kujua nani atabaki hapa hawa wawili wakizidi kuzeeka. Nimeuliza miaka, hakuna anayejibu. Lakini mabomba ya chumba cha kaskazini tunayabadilisha kabla ya theluji, Eydís. Sivuki tena mlima ule Januari."

"Tunabadilisha."

"Na utajifunza kuyayeyusha mwenyewe."

"Nitajifunza."

Babu alininyooshea mkono juu ya sahani chafu, mkono wake mkubwa wenye makovu ya kamba, nami nikampa wangu. Mambo yakawa yamekwisha.

"Na chokoleti chukua," alisema. "Unaonekana unaihitaji."

Aliyekosea kuliko wote alikuwa Bibi, kama kawaida, kwa hiyo vyombo vilikuwa vyake. Nilimsaidia kufuta. Alikuwa ameibana simu kati ya sikio na bega, mikono kwenye povu, anazungumza na mama yangu Denmark.

"Wa kumi na tano! Ndiyo! Umefanya vizuri, mwambie na yule wa mbwa. Nyumba? Imeuzwa. Usilie, imeuzwa kwa Eydís. Hebu nisikilize. Yule msichana wa koti la manjano wampeleke tena mwakani, mimi nakwambia, mwakani tunachukua. Na tukichukua, wageni wote wale watalala wapi?"

Usiku wa manane ulikaribia, lakini mwanga wa Mei ulikuwa bado nje, mweupe juu ya ghuba. Kupitia dirisha la jikoni nilimwona Babu, magoti yake na yote, amesimama kando ya banda la zamani la mashua na futi ya kupimia mkononi. Mjomba Steindór alikuwa ameishika ncha ya pili, anapiga kelele kwamba banda lile halina hata bomba moja. Babu alikuwa anamwambia avute, avute zaidi, vyumba viwili vinaingia.